Sura ya Sita: Wageni Wakishaondoka

Mtu akilazwa, watu huja. Ndivyo tulivyolelewa. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, geti hufunguliwa na msururu unaingia: mashemeji, majirani, watu wa jumuiya, wenzake wa kazini waliochangishana. Huyu kabeba chupa ya uji, yule machungwa, mwingine supu ya kuku kwenye hotpoti. Wanasimama miguuni pa kitanda, wanatoa pole, wanaomba dua au sala, wanasimulia ya mtaani, wanaaga. Mgonjwa akirudi nyumbani, sebule hujaa siku mbili tatu. Akifariki, hujaa zaidi. Kuuguzana ni jambo tunaloliweza sana, na anayelibeza ni yule ambaye hajawahi kuugua ugenini.

Lakini desturi hiyo imekatiwa kipimo cha ugonjwa wenye mwisho. Malaria, mguu uliovunjika, upasuaji, uzazi: baada ya muda mgonjwa amepona au amekufa, na watu wanarudi kwenye shughuli zao. Sukari haina mwisho. Presha haina. Selimundu mtu huzaliwa nayo. Figo zikishindwa kabisa hazirudi, na virusi vya UKIMWI havitoki mwilini hata dawa zikivifunga mdomo. Mwezi wa kwanza simu hazikatiki. Mwezi wa sita anayepiga ni mmoja. Mwaka wa pili mgonjwa anadaiwa mchango wa harusi kama wengine, na akisema leo ameshindwa kuamka, anaulizwa, “Bado tu?” Hakuna anayemchukia. Ndugu na majirani wamefika mwisho wa utaratibu wanaoujua, basi.

Ni katika kipindi hicho, wageni wakishaondoka, ndipo sonona hupata nafasi. Sura zilizotangulia zilieleza maradhi ya kudumu na tiba zake. Hapa nataka kuzungumzia watu: nani akusikilize, nani akusindikize, nani arudi. Ninachodai ni kwamba anayeishi na maradhi ya kudumu pamoja na sonona amekwisha kupewa pole za kutosha. Kinachomsaidia ni mtu anayejulikana, anayekuja siku inayojulikana, kufanya jambo linalojulikana. Na ushahidi mzuri kabisa wa dai hilo tunao karibu, Harare na Uganda.

Kisichoandikwa kwenye daftari la kliniki

Tuanze na kutenganisha vitu viwili. Mtu akiambiwa ana ugonjwa atakaoishi nao maisha yake yote, atahuzunika, na ana haki ya kuhuzunika. Huzuni hiyo huja na kuondoka. Katikati yake mtu bado anacheka na mjukuu, bado anatamani samaki wa nazi. Sonona hukaa. Karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, mtu hana raha ya jambo lolote, au moyo umemshuka asijue kwa nini. Usingizi unakimbia au unazidi. Chakula hakina ladha. Akili haitulii kwenye jambo moja. Mtu anajiona mzigo, anajiona hana maana, na wengine hufika mahali pa kutamani wasiamke.

Watu wenye kisukari hupatwa na sonona karibu mara mbili zaidi ya wasio na kisukari. Hali inafanana na hiyo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI na kwa wenye maumivu yasiyokwisha. Tena njia hupitika pande zote mbili. Aliyezidiwa na sonona huruka dozi, huacha kukagua miguu yake, hula kinachopatikana au hali kabisa, halali. Sukari inapanda. Sukari ikipanda anachoka zaidi, kidonda hakiponi, na hapo moyo unazidi kushuka. Ndugu wanamwona mzembe. Daktari anaongeza dozi ya dawa ambayo mgonjwa haimezi.

Kwa nini sonona haigunduliki mapema? Tazama asubuhi moja kwenye kliniki ya sukari. Watu wamefika na giza ili wawahi namba, wengi hawajala kwa sababu ya kipimo cha damu. Nesi anapima uzito, anafunga mkono kwa kipimo cha presha, anachoma kidole, anaandika. Mama mmoja anaitwa ndani.

“Unaendeleaje, mama?”

“Namshukuru Mungu.”

“Dawa unakunywa?”

“Nakunywa.”

Tarehe ya kurudi inaandikwa, anaitwa mwingine. Mama huyo hakukusudia kudanganya. Kwetu mtu huanza na uzima: hata aliye hoi kitandani huitikia kwamba hajambo, kisha ndipo aseme kinachomuuma. Daktari mwenye foleni hadi nje ya mlango hafiki kwenye hiyo “kisha”. Na hata akifika, dalili zenyewe zimejificha nyuma ya zile za ugonjwa wa kwanza. Uchovu, usingizi mbovu, kukosa hamu ya kula, kupungua uzito: vyote hivyo vinaweza kuwa sukari, figo, upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, au sonona, au viwili kwa pamoja. Wakati mwingine hata dawa inachangia. Efavirenz, iliyotumiwa miaka mingi katika tiba ya virusi vya UKIMWI, ilijulikana kwa kuleta ndoto za kutisha na kuvuruga hisia kwa baadhi ya watu, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya nchi nyingi zihamie dolutegravir.

Ndiyo maana kuuliza kwa mpangilio kuna faida. Dodoso linalotumika sana lina maswali tisa. Lilichapishwa mwaka 2001 na lipo kwa Kiswahili. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: raha, moyo kushuka, usingizi, nguvu, chakula, kujilaumu, umakini, mwendo wa mwili, na mawazo ya kufa. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na kwa kawaida anayepata 10 au zaidi anahitaji kuangaliwa vizuri. Alama pekee hazitoshi kumwambia mtu ana sonona. Kazi ya dodoso ni kufungua mazungumzo ambayo “Namshukuru Mungu” iliyafunga. Dakika tano zinatosha, na nesi anaweza kuuliza huku akifunga mkono kwa kipimo cha presha.

Ukiwa mgonjwa, usisubiri uulizwe. Andika sentensi moja nyuma ya daftari lako kabla hujaitwa: silali tangu mwezi uliopita, nalia bila sababu, nimeacha dawa kwa sababu sioni faida. Ukishindwa kusema, mpe daktari asome. Akikuandikia dawa ya sonona, kama fluoxetine au amitriptyline, mtajie kila kitu unachotumia, pamoja na mitishamba, maana dawa hugombana. Na ujue kwamba dawa hizi hazifanyi kazi kama ya kichwa. Huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona nafuu, na wengi huziacha wiki ya pili wakidhani zimeshindwa. Ukitaka kuziacha, ziache kwa ushauri wa daktari, kidogo kidogo.

Nani wa kuambiwa

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Methali hiyo inamlaumu mfichaji, lakini haiulizi angemwambia nani. Wengi wanaoficha leo walijaribu kusema jana. Waliambiwa, “Unawaza sana, acha kuwaza.” Waliambiwa, “Jikaze, wewe ni mtu mzima.” Waliambiwa wasali zaidi, kana kwamba hawakuwa wakisali. Walisikia minong’ono ya kurogwa na ya majini. Kijana mwenye selimundu anayelia kwa maumivu ya mifupa, ambayo hayaonekani kwa macho wala hayaachi kovu, ameshaitwa mvivu na mdekaji tangu darasa la pili; akiongeza kwamba hata moyo wake hauko sawa, anajua mapema jibu litakuwa lipi.

Halafu kuna majina ya hospitali. Mtanzania akitania kwamba fulani “apelekwe Mirembe”, hataji ile hospitali ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927 na ambayo imetibu watu wengi wakarudi makwao. Anamfuta mtu kwenye orodha ya wenye akili. Wakenya hulitumia jina la Mathari vivyo hivyo. Mtu aliyekwisha kubeba jina la mgonjwa wa ukimwi au la mgonjwa wa figo anaogopa, na ana sababu, kuongezewa jina la kichaa.

Kwa hiyo ushauri wa kawaida, kwamba “usinyamaze, ongea”, haujakamilika. Mtu ataongea na nani, na amwambie nini?

Usimtafute mtu mmoja wa kubeba yote. Hayupo, na ukimpata atachoka. Gawanya. Kuna mtu anayejua kusikiliza lakini hana hata nauli. Kuna kaka mwenye uwezo wa kulipia vipimo, ila ukianza kumweleza hisia zako anakimbilia kutoa mawaidha. Kuna jirani asiyejua la kusema, lakini akikuona umelala anachota maji, anaosha vyombo na kuondoka bila neno. Kuna binti wa shangazi anayejua kuzungumza na madaktari. Kila mmoja mwombe kile anachokiweza. Anayetoa mawaidha mwombe pesa. Anayesikiliza usimwombe pesa, usije ukampoteza.

Kisha ombi lenyewe liwe dogo, na liwe na tarehe. Anayesema kwenye kundi la familia, “Jamani nisaidieni, nateseka,” atapata pole kumi na alama za mikono iliyokunjwa. Sikiliza tofauti: “Dada, leo sitaki ushauri. Jumanne nina kliniki. Naomba twende wote, ukae nami kwenye foleni, na nikiingia kwa daktari unikumbushe kumwambia kwamba silali.” Ombi la namna hii lina mwanzo na mwisho. Dada anajua akimaliza atakuwa ametimiza, na mtu aliyetimiza jambo moja hurudi kwa la pili.

Viongozi wa dini nao wana nafasi yao, na wengi watawaendea hao kabla ya daktari. Mchungaji au sheikhe anayesema “omba, na dawa umeze” anafanya kazi ambayo hakuna mtaalamu anayeweza kuifanya kwa niaba yake. Anayemwambia mtu aache dawa ili aonyeshe imani anamweka hatarini, iwe ni insulini, dawa za kupunguza makali ya virusi au za sonona. Kwa huyo, tafuta mwingine ndani ya dini yako hiyo hiyo, wapo.

Wako pia waliochagua kusema mbele ya umma. Nchini Kenya, Sitawa Wafula, anayeishi na kifafa pamoja na ugonjwa wa bipola, alianza kwa kuandika waziwazi kuhusu maisha yake, kisha akaanzisha huduma ya ujumbe wa simu kwa watu wanaotafuta wa kuzungumza naye. Si kila mtu anaweza kujianika namna hiyo, wala halazimiki. Kumwambia mtu mmoja aliyechaguliwa vizuri kunatosha kuanzia.

Benchi la mabibi wa Mbare

Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa nyumba na vibanda vya biashara mijini katika operesheni iliyoitwa Murambatsvina. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Mwaka huo huo daktari wa akili Dixon Chibanda, mmoja wa wachache mno nchini humo, alimpoteza mgonjwa wake wa miaka 26, aliyejiua kijijini kwao. Mama wa binti huyo alimweleza kwamba walitaka kumrudisha hospitali, ila walikosa dola 15 za nauli ya basi.

Chibanda ameusimulia mkasa huo mara nyingi, na somo alilolipata ni la nauli: tiba inayomsubiri mgonjwa hospitalini haimfai asiyeweza kufika. Mwaka 2006 alikwenda Mbare, mtaa wa watu wengi na kipato kidogo jijini Harare, kuanzisha kitu pale pale walipo watu. Hakupewa chumba, maana zahanati ilikuwa imejaa. Hakupewa manesi, maana walikuwa wamezidiwa. Alipewa mabibi 14, wahudumu wa afya wa jamii waliozoea kupita nyumba kwa nyumba, na wakakalia benchi nje, chini ya mti.

Daktari alitaka liitwe benchi la afya ya akili. Mabibi wakamwambia hakuna atakayelikalia. Wao ndio waliotaka liitwe benchi la urafiki, na jina hilo ndilo lililobaki.

Kinachofanyika pale hakina miujiza. Mgeni huulizwa maswali 14 kwa Kishona, ya ndiyo au hapana, yaliyotungwa kutokana na namna watu wenyewe wanavyoeleza mateso yao. Kuwaza kupita kiasi ni mojawapo. Kisha bibi anamwacha aseme. Anasema yote: mume ameondoka, kodi imefika miezi mitatu, mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule, dawa za virusi anazisahau. Bibi hatoi suluhisho. Anamwuliza, katika haya yote, tuanze na lipi? Mgeni akichagua kodi, wanazungumza kodi tu: unadaiwa na nani, umeshaongea naye, ungeanza na hatua ipi kabla hatujaonana tena? Akirudi wiki inayofuata, bibi anaikumbuka hatua ile na kuiulizia. Wanafanya hivyo kwa vikao visivyozidi sita. Baadaye mgeni hualikwa kwenye kikundi cha waliopitia benchi, ambako wanakaa duara wakisokota mifuko ya kuuza huku wakizungumza.

Kati ya mwaka 2014 na 2015 benchi lilipimwa kwa utafiti katika zahanati 24 za Harare, watu 573, ambao zaidi ya asilimia 40 walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Nusu ya zahanati zilitoa huduma ya kawaida iliyoboreshwa, nusu zikatoa benchi. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona upande wa huduma ya kawaida walikuwa karibu asilimia 50. Upande wa mabibi, asilimia 14. Tangu hapo benchi limevuka mipaka hadi Malawi na Zanzibar.

Bibi ana nini ambacho pole ya jirani haina? Si elimu kubwa. Ana muda uliotengwa kwa ajili hiyo, ana mpangilio wa maswali, halazimiki kutoa jibu, na wiki ijayo yupo. Jirani anaweza kuwa navyo vyote vinne akifundishwa.

Duara lenye kazi

Upande wa Uganda hadithi ilianza mapema zaidi. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya Mulago, alifiwa na mumewe kwa UKIMWI, wakati ambapo majirani waliogopa hata kushika kikombe cha mgonjwa. Yeye na wenzake, baadhi yao wakiwa wagonjwa, wakaanzisha shirika la TASO. Dawa hazikuwepo. Walichokuwa nacho ni kukutana, kuuguzana na kutiana moyo, na ushauri nasaha wa watu waliojua wanachokisema kwa sababu kilikuwa nyumbani mwao. Miaka mingi kabla ya vidonge kufika, kikundi ndicho kilichokuwa tiba.

Mwaka 2002, huko Rakai na Masaka, wilaya zilizoumizwa sana na UKIMWI, watafiti walijaribu jambo kwa vipimo. Katika vijiji 30 walitafuta watu wenye sonona. Nusu ya vijiji vilipata vikundi vidogo, wanawake kwao na wanaume kwao, vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji wasio wataalamu wa akili waliofundishwa kazi hiyo. Mwanzoni zaidi ya asilimia 85 ya washiriki wa pande zote walikuwa na sonona kwa vigezo vya kitabibu. Mwishoni, katika vijiji visivyo na vikundi, asilimia 54.7 walikuwa nayo bado. Katika vijiji vyenye vikundi, asilimia 6.5. Miezi sita baadaye nafuu ilikuwepo.

Vikundi hivyo havikukaa kulalamika. Kila mtu alisaidiwa kuunganisha moyo wake ulivyoshuka na jambo lililotokea kati yake na watu: msiba, ugomvi, au badiliko la nafasi. Hilo la tatu linawahusu sana wenye maradhi ya kudumu. Mvuvi ambaye figo zake zimeshindwa amepoteza zaidi ya afya. Hatoki tena usiku na wenzake, haleti kitoweo, na mezani anapakuliwa wa mwisho au anajiona hivyo. Mama muuza genge aliyekatwa mguu kwa sukari amepoteza wateja, mazungumzo na pesa yake mwenyewe. Kumwambia mtu kama huyo “mshukuru Mungu uko hai” ni kumfungia mlango. Kikundi kinamwacha aomboleze kilichokwenda, kisha kinamwuliza sasa ataishi kama nani.

Je, si kukaa pamoja tu kunakoponya? Jibu lilikuja kutoka kaskazini mwa Uganda, katika wilaya za Kitgum, Gulu na Pader, kwenye utafiti ulioongozwa na daktari wa akili Etheldreda Nakimuli-Mpungu. Walioshiriki walikuwa 1,140, katika vituo 30 vya afya, wote wakiishi na virusi vya UKIMWI pamoja na sonona. Hapa pande zote mbili zilipewa vikundi. Upande mmoja walifundishwa elimu ya virusi. Upande wa pili walikutana vikao vinane, wakaelezwa sonona ni nini, wakasimulia yaliyowasibu, wakajifunza namna ya kukabili unyanyapaa, na mwishoni wakafundishwa ujuzi wa kujipatia kipato. Miezi sita baada ya vikao, upande wa elimu peke yake watu 160 walikuwa na sonona kubwa. Upande wa pili walikuwa wawili.

Sasa, ulipo pengine hakuna benchi wala utafiti. Yapo mambo unayoweza kuyachukua. Uliza kwenye kliniki yako kama kuna kikundi cha wagonjwa. Kliniki nyingi za virusi vya UKIMWI zinavyo, na za sukari zimeanza. Kama hakipo, watu watano hadi kumi wanatosha. Kutaneni siku moja isiyobadilika, hata wakija watatu. Kubalianeni kwamba la ndani halitoki nje, na anayelivunja anaondoka. Kila kikao, kila mtu aseme jambo moja linalomsumbua na hatua moja atakayoichukua. Kikao kinachofuata aulizwe. Msigeuke madaktari: hakuna kubadilishana vidonge wala kumshawishi mwenzenu aache dawa. Na kuweni na kitu cha mikono au cha mfuko, iwe bustani, sabuni au kuweka na kukopa, maana yupo mtu ambaye hatakuja kuzungumzia moyo wake lakini atakuja kwa ajili ya hisa zake, na akishafika atazungumza.

Kwa anayeuguza

Kama unayesoma ni mke, kaka au mtoto wa mgonjwa, kuna mambo machache ya kushika. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Usimwambie unajua anavyojisikia. Mwulize, “Leo imekuwaje?” kisha nyamaza hata kimya kikikukera. Usimpokonye kazi zote kwa kumhurumia. Anayeweza kuchambua mchele akiwa amekaa aachiwe achambue, kwa sababu mtu asiyehitajika popote huzama haraka. Na wewe mwenyewe pumzika kwa zamu. Anayeuguza peke yake mwaka mzima huwa mgonjwa wa pili ndani ya nyumba.

Ukisikia maneno kama “mtapumzika nikiondoka”, au ukimwona anagawa vitu vyake, anaaga watu bila safari, usizunguke. Mwulize wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye mtu ameona. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Ondoa dawa za kuulia wadudu, fungia akiba ya vidonge na insulini, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kenya, Msalaba Mwekundu una laini ya bure ya msaada wa kisaikolojia, 1199.

Familia nyingi husita hapo kwa kuogopa polisi, na hofu yao haikutoka hewani. Nchini Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho hadi Januari 2025, Mahakama Kuu iliposema kinakwenda kinyume cha katiba. Matokeo ya sheria hizi ni kwamba ndugu hudanganya mapokezi kuwa mgonjwa alikunywa sumu kwa bahati mbaya, anatibiwa tumbo, anarudishwa nyumbani na wazo lile lile. Mweleze daktari ukweli. Asiyejua hawezi kutibu.

Yote haya yanaweza kuonekana makubwa kwa mtaa wenye zahanati moja na daktari wa akili aliye mkoa mwingine. Lakini hatuanzii patupu. Karibu kila mtaa una jumuiya ndogo ndogo inayokutana kila wiki, msikiti wenye watu wanaojuana kwa nyumba, kikoba chenye daftari la majina na katibu anayejua nani hakuja. Watu hawa tayari wanachangishana mtu akifiwa. Wanachokosa ni kipengele kimoja kwenye ajenda, kisomwe kila kikao kabla ya kufunga: nani kati yetu ana ugonjwa usioisha, nani alimwona wiki hii, na nani atakwenda wiki ijayo, siku gani. Katibu aandike jina na siku. Kikao kijacho aanze kwa kuuliza kama alikwenda.